Alale Kwanza

Miaka yote niliyofanya kazi ile, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Kwani ninyi mnagawa watoto?" Niliulizwa harusini, nikaulizwa msibani, na siku moja niliulizwa na fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi, akiwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi. Jibu ni hapana. Sasa nimestaafu, masanduku yangu yako karibu na mlango yakisubiri safari ya Tanga, na ninyi vijana wa ofisini mmenitaka niandike tulikuwa tunafanya nini hasa. Nitaandika, na nitaanza kwa kusema wazi kwamba najivunia. Mtu akistaafu hutarajiwa ainamishe kichwa na kusema alijaribu tu. Mimi nilifanya kazi, na ukiondoa mara moja niliyokaribia kuiharibu, niliifanya vizuri.

Hiyo mara moja itachukua nafasi kubwa humu, kwa hiyo nivumilieni.

Kwa wasioijua, ofisi yetu ni vyumba viwili ghorofa ya pili hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la fundi cherehani. Iko chini ya shirika la hisani lenye kibali, na kila mchango hupita kwao na kutolewa stakabadhi. Kazi yake ni kumsaidia mjamzito aliye mbali na kwao, anayefikiria kumtoa mwanawe aasiliwe au alelewe na watu wengine. Wengi waliokuja walikuwa wajane, au wake za watu waliotelekezwa, au waliotoka likizo nyumbani na mimba wakakuta nyuma yao mambo yamegeuka. Tuliwalipia chumba, chakula, kliniki, na tikiti ya kurudi kwao. Waliokuwa hawana cheti cha ndoa tuliwaeleza bila kuzungukazunguka kwamba kwa sheria ya nchi mimba ya nje ya ndoa ni kosa, tukawasaidia wasafiri mapema. Suala la mtoto mwenyewe liliamuliwa kwao, mbele ya jamaa na mahakama za huko, kila mtu kwa dini yake. Waislamu wenzangu walinikumbusha mara elfu kwamba mtoto habadilishwi jina la babake, na mimi niliwajibu mara elfu kwamba najua. Sisi tulichompa mama ni muda wa kufikiri akiwa ameshiba.

Sikuja Doha kwa kazi hii. Nilikuja kupiga pasi mashuka katika dobi la hoteli, na kwa pasi nilikuwa hodari. Kisha nikasikia ofisi fulani inatafuta mkalimani wa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, nikajipeleka. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa. Siku ya kwanza nilimwomba dada wa mapokezi maji ya kunywa kwa Kiarabu cha vitabuni, fasaha kabisa, na yeye akanitazama, akainuka, akaenda kumwita mwenzake aje asikie. Wiki nzima ile niliendelea kuletewa maji nisiyoyaomba ili tu nishukuru. Kiarabu cha watu wa hapa nilikipata baadaye, kwenye simu, nikibishana na mabibi wa nyumba waliokuwa wakinikatia maneno kwa "khalas!", yaani basi, kabla sijamaliza salamu.

Aliyenipokea ni Bi Salma, Mzanzibari, mkunga mstaafu, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alinipa vitu vitatu: daftari lenye jalada la kijani, kalamu ya wino, na penseli.

"Anayoyasema yeye yaandike kwa wino," akaniambia. "Unayoyadhani wewe yaandike kwa penseli."

"Kwa nini, Bi Salma?"

"Kwa sababu utakuja kuyafuta, bibie."

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa na umri wa kutosha wa kutoambiwa nitakosea kabla sijaanza. Lakini ndivyo tulivyoandika tangu siku ile, na majina hatukuandika kabisa. Kila mwanamke aliitwa kwa kitu alichokuja nacho siku ya kwanza. Kulikuwa na Wa Mwavuli, Wa Koti la Kijivu, na Wa Keki, ambaye kwa kweli alikuja na keki nzima kwa kuwa aliona aibu kuja kuomba mikono mitupu.

Bi Salma alikuwa na amri mbili ambazo hakuwahi kuzieleza zaidi ya mara moja. Ya kwanza: alale kwanza. Mwanamke akija, mwezi mzima hakuna kumuuliza lolote kuhusu mtoto. Unamtafutia chumba kisicho na watu wanane, unamnunulia godoro, unamtundikia pazia zito maana jua la Doha likishaingia dirishani halikuachi. Bi Salma alikuwa akienda dukani mwenyewe kuyapiga magodoro ngumi, na muuzaji, mtu wa makamo kutoka Kerala, alikuwa akimwona anaingia tu, anajificha nyuma ya mito. "Mtu hajalala wiki tatu," Bi Salma alikuwa akisema, "unamuuliza mwanawe atampa nani? Hata ukimuuliza jina lake atakosea." Mwezi huo wote alimuuliza mama swali moja tu: umelala? Siku mama akisema ndiyo, nasi tukaona usoni ni kweli, ndipo mazungumzo yalipoanza.

Amri ya pili: anayemtaka mtoto asimpe mama hata kikombe cha chai. Hii niliiona ni ukali usio na maana. Ngojeni mwone.

Kuna mambo hamtayakuta kwenye mafunzo yenu. Hamu ya mimba, kwa mfano. Wa kwetu wanatafuna udongo, ule tunaouita pemba, Wakenya wanauita odowa, Waganda wana jina lao, na wote wanautaka leo leo. Doha hakuna. Nilikuwa nikitoka likizo nautia sandukuni mfuko mzima, na mara moja uwanja wa ndege kijana wa forodha aliufungua, akanusa, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni udongo wa kula. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaniuliza nani anakula udongo. Nikasema wajawazito. Wakatazamana wale wanaume wawili, wakafunga sanduku haraka haraka na kuniambia nipite. Tangu hapo ilikuwa kila nikijieleza hivyo napita.

Mjue pia kwamba wapo waliotoa, na wakatoa vizuri. Wa Mwavuli, mama wa Kiganda, alilala mwezi, akafikiri miezi minne, akarudi kwao na kumkabidhi mtoto kwa watu aliowachagua mwenyewe. Alinipigia simu siku ile hakimu alipotia sahihi. Alilia, nami nikalia, kisha akaniambia ana njaa na anakwenda kula. Ile kazi naiona ilikwenda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Bi Salma alirudi Unguja, nikakalia kiti chake. Na hapo ndipo alipokuja Nafula.

Nafula si jina la daftarini. Daftarini ni Wa Thamosi, kwa sababu alikuja na chupa ya chai ya maziwa aliyoipika saa kumi alfajiri kabla ya basi la wafanyakazi. Ameniruhusu niandike habari zake, akasema niseme ukweli wote hata ule wangu. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, msafisha vyumba katika hoteli moja kule The Pearl. Alikuwa ametoka likizo na mimba changa, na wiki chache baada ya kurudi kazini mumewe akaugua ghafla na kufariki. Nyumbani alikuwa ameacha watoto wawili kwa mamake. Wa tatu hakujua angemlisha nini. Hotelini walimwambia likizo ya uzazi atapata na kazi yake ataikuta, hilo nawashukuru, lakini chumba cha wafanyakazi kilikuwa na vitanda vya ghorofa na yeye alipewa cha juu.

Nilimuuliza anahitaji nini kwanza. Akasema, na niliandika kwa wino neno kwa neno: "Mama, mimi nataka tu kulala kwanza."

Sikuwa nimemfundisha. Nikaenda kumtafutia chumba na kununua godoro.

Kanisani kwao walikuwako mume na mke waliokaa mtaa wa Al Thumama, Barasa na Consolata. Barasa alikuwa msimamizi wa madereva. Consolata alifundisha chekechea, kila siku watoto ishirini wa watu wengine wakimwita mwalimu. Walikuwa na miaka kumi na mbili ya ndoa bila mtoto. Ninyi mnajua kwetu mwanamke akishaolewa muda huitwa Mama Fulani. Yeye watu wazima wote walimwita Consolata, na kila walipomwita niliona anavyojikaza. Alimpenda Nafula kwa dhati. Akamwambia siku moja baada ya ibada, bila kuficha, kwamba wao wangefurahi kumlea huyo mtoto kwa njia ya sheria huko Kenya, na kwamba hana haja ya kujibu sasa. Nafula akaja kunieleza. Nikaandika. Mpaka hapo hakuna kosa.

Kosa nililifanya mimi, tena kwa sauti.

Kila mwezi, Ijumaa alasiri, watu wa kwetu, Watanzania, Wakenya, Waganda, hukutana katika ukumbi wa kukodi, na huko ndiko michango ilikotangazwa. Mnajua desturi yetu. Mchango usiosomwa kwa jina ni kama haukutolewa. Unasimama na karatasi, unasoma jina, unasoma kiasi, watu wanapiga makofi, kwa kiasi kikubwa vinapigwa vigelegele, na aliyetoa kidogo anaangalia simu yake. Nilikuwa msomaji mzuri. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na utani, na nilijua kumnyanyua mtu. Mama tuliowasaidia walikaa humo humo ndani kama wageni wengine, hakuna aliyewatambua.

Barasa na Consolata waliniletea mchango. Amri ya Bi Salma niliikumbuka vizuri. Nikajiambia: huu hauendi kwa Nafula, unaingia kwenye chungu cha wote. Nikajiambia tena kwamba chungu ni kikubwa na miezi ni migumu. Nikaupokea.

Ijumaa ile nikasoma. "Bwana na Bibi Barasa, Al Thumama!" Nikataja kiasi, ukumbi ukapasuka kwa vigelegele, maana hakuna aliyetoa zaidi yao. Ningenyamaza hapo pengine yangepita. Lakini nilikuwa nimenogewa. Nikainua mkono nikasema, "Na Mwenyezi Mungu awajaalie hicho wanachokitafuta!"

Ukumbi mzima ukasema amina. Kila mtu alijua wanatafuta nini. Nafula alikuwa safu ya nyuma, karibu na meza ya sambusa.

Jumapili yake akaja ofisini mapema. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, ameketi wima. Akasema, "Mama Zainabu, nimekata shauri. Wapee Consolata na bwana yake. Niambie ni wapi nitaweka sahihi."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona akilini uso wa Consolata. Niliona kesi nzuri inayomalizika vizuri, watu wote ninaowajua, wote ninaowapenda. Nikamweleza kwamba sahihi ni za kule nyumbani baada ya kujifungua, nikamwandikia tarehe ya kliniki, na alipotoka nikachukua penseli nikaandika neno moja: Atampa. Nikalipigia mstari chini.

Jioni nilimpigia Bi Salma Unguja kumpa habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akichambua mchele, nausikia unavyoruka kwenye ungo.

"Umemuuliza kama amelala?" akasema.

Sikuwa nimemuuliza.

"Na hao watu, wametoa chochote?"

Nikamweleza habari ya chungu. Ungo ukanyamaza.

"Sasa nambie, mwanangu," akasema polepole. "Huyo mtoto wa watu amekubali, au amelipa?"

Nimewahi kutukanwa kwenye kazi hii kwa lugha nne, na hakuna tusi lililonikaa kama lile swali. Kesho yake asubuhi nilikwenda chumbani kwa Nafula kabla hajaondoka. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, shuka zimekunjwa juu yake. Alikuwa analala sakafuni juu ya kanga.

"Nafula, umelala?"

"Mama, nitalala aje?" Akakaa kitako. "Hii nyumba ni yao. Hii godoro ni yao. Hata unga ya uji nimekula ni yao. Ulisoma mwenyewe, si mimi nilisikia? Watu wote wakasema amina. Sasa mimi nitasema aje hapana? Nitakuwa mtu gani?"

"Kwani unataka kusema hapana?"

"Sijui!" Akaanza kulia, na alikuwa hajalia tangu siku ya kwanza. "Hiyo ndio shida. Nilikuwa naanza kujua, halafu nikasikia vile ulisoma. Sasa hata nikijiuliza, hakuna kitu inanijibu."

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimepewa kazi moja, kumlindia mwanamke nafasi ya kusema ndiyo au hapana, na nilikuwa nimeiuza kwa vigelegele. Nikalishusha lile godoro kwa mikono yangu, nikatandika shuka, na kwa kuwa nilikuwa mpiga pasi wa hoteli, kona nilizikunja ipasavyo. Nikamwambia asiseme neno lolote kwa mtu yeyote mpaka nirudi.

Siku hiyo hiyo nikaenda Al Thumama. Consolata alikuwa ametoka shuleni, mikono bado ina rangi za watoto. Akanikaribisha, akakaanga maandazi ingawa nilimkataza, na kila baada ya dakika chache ndege ikipita juu yetu tulinyamaza wote mpaka iishe. Nikamweleza kosa langu bila kujitetea. Nikamwambia mchango wao unarudishwa wote, na kwamba Nafula yuko huru kana kwamba hajawahi kuwasikia.

Alizima jiko, akarudi kuketi.

"Mimi sitakudanganya, Mama Zainabu," akasema mwishowe. "Nilitaka ajue. Nilijiambia ni ya wote, lakini ndani yangu nilitaka isomwe, na yeye awe hapo ndani. Nilijua atakuwa hapo."

"Najua," nikasema. Sikuwa najua mpaka aliposema.

"Akisema hapana?"

"Basi itakuwa hapana."

Akatazama mikono yake, akaanza kukwangua rangi kwa ukucha. Nilitamani kumtuliza, lakini maneno yote niliyoyajua yangekuwa ahadi. Barasa akaingia, akaelezwa, akaketi karibu na mkewe. Akauliza kitu kimoja tu, kama Nafula ana pa kulala mwezi ujao. Nikamhakikishia kwamba shirika limeziba pengo. Akasema vizuri.

Ijumaa ya mkutano uliofuata nilisimama ukumbini bila karatasi. Nikawaambia kwamba tangu leo majina hayasomwi tena. Anayetaka stakabadhi ataipata mkononi, na anayetaka makofi aje ofisini, nitampigia mimi. Nikawaambia pia kwamba nilikosea na mtu akaumia, ingawa sikusema nani. Mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa siku nyingi na mchangaji wa miaka, alisimama na kuuliza, "Sasa Mama, sisi tutajuana vipi nani katoa?"

"Hamtajuana," nikasema.

"Si itakuwa vurugu?"

"Itakuwa hivyo hivyo."

Mwezi ule michango ilishuka. Wengine, kumbe, walikuwa wakilipia kusikia majina yao kwenye kipaza sauti, na kwa kweli ilikuwa burudani ya bei nafuu. Miezi ikapita, wakarudi mmoja mmoja, wa kwanza yule mzee wa Mombasa, aliyekuja ofisini na kutoa, kisha akasubiri. Nikakumbuka ahadi yangu. Nikampigia makofi peke yangu mpaka fundi cherehani wa chini akaja kuuliza kuna nini.

Nafula nilimpelekea risiti ya mchango uliorudishwa, ikiwa na sahihi ya Barasa, akaisoma mara mbili. Nikamwambia chumba ni chake, godoro ni lake, tikiti ni yake, na baada ya kujifungua msaada utaendelea miezi sita, abaki na mtoto au asibaki naye. Sikumuuliza kitu. Wiki mbili sikumuuliza kitu, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Asubuhi moja akaja na thamosi yake, akamimina chai vikombe viwili. Uso ulikuwa umejaa, macho meupe.

"Mama, nimelala," akasema. "Sasa niulize."

Nikamuuliza. Akanywa chai kwanza.

"Nitakaa na yeye. Nimepigia mama simu, tumeongea mpaka credo ikaisha, ameniambia nirudi nizalie nyumbani. Huyu ni wa mwisho wa baba yake. Nilikuwa nataka kumpeana juu ya uoga, halafu juu ya deni. Sasa sina uoga sana na sina deni. Ningekuwa bado nataka kumpeana, ningekuambia."

Nikaandika kwa wino, yote. Nilifurahi, na sikuona haya.

Kwa Consolata alikwenda mwenyewe. Aliniomba nimsindikize mpaka chini ya jengo, nikabaki kwenye gari. Sijui waliambiana nini. Alipanda akakaa saa nzima, akashuka na mfuko wa maandazi, akaniambia walilia na wakala. Safari ya Nairobi tuliipanga kabla mimba haijawa nzito, barua ya daktari mkononi, na mkumbuke hilo, msingoje siku ya safari ndipo mwanze kumtafuta daktari. Mtoto alizaliwa Bungoma salama. Nafula alirudi The Pearl baadaye, na mpaka leo watoto watatu wanasomeshwa na vyumba anavyosafisha.

Consolata hakuonekana kanisani wiki tatu. Watu wakasema amekasirika. Wiki ya nne alipanda ngazi za ofisi yetu, akasimama mlangoni kama wanavyosimama wanaokuja kuomba. Akaniuliza kama kuna kazi ya mtu asiyehitaji kulipwa. Nikampa ya kwanza iliyonijia, kununua godoro. Akaenda, na nikaambiwa baadaye kwamba alilipiga ngumi.

Aliendelea kuja alasiri baada ya shule, mwaka baada ya mwaka. Alisoma kozi za ushauri, akaacha kufundisha, akaajiriwa. Mtoto hakupata, wala hakuchukua wa mtu, na akiulizwa huwa anajibu yeye mwenyewe, mimi siwezi kumjibia. Ninyi nyote mnamjua. Ndiye aliyewafundisha wino na penseli, na ndiye aliyekalia kiti changu.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi madaftari yote ya kijani, kabati zima. Tulikuwa wawili tu. Akayafungua moja moja, taratibu, mpaka akafika la Wa Thamosi. Jina halimo, lakini alijua. Niliona anavyosoma maneno ya wino, kisha nikaona anavyofika chini, kwenye lile neno langu la penseli, na mstari wake.

"Atampa," akasoma. "Hili mbona hukulifuta?"

"Nilikuwa nalitazama kila mwaka, nisisahau," nikamwambia. "Sasa ni lako. Fanya utakavyo."

Akavuta droo, akatoa kifutio. Akafuta kuanzia mwisho wa neno kwenda mwanzo, halafu mstari, bila haraka, akapuliza vumbi lake mpaka karatasi ikabaki safi chini ya wino. Hakulia. Mlangoni kulikuwa na mtu anabisha, amebisha mara ya pili sasa, kidogo kidogo. Consolata akafunga daftari, akachukua jipya, akaenda kufungua. Alikuwa msichana wa Kitanga, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana, ameshika slipazi mkononi kwa kuwa imekatika njiani.

"Karibu, dadangu," Consolata akamwambia. "Keti. Nitakuuliza kitu kimoja tu leo. Umelala?"